Mashine Inayochungulia Tumboni

Kama wiki jana gazeti lako lilifungiwa nyama kabla hujanifikia, nitakukumbusha kwa ufupi, maana sipendi kulia mara mbili kwa jambo moja.

Mimi ni Wamaitha, mke wa Gachanja wa Subukia. Nimebeba mimba mara mbili, na zote mbili zilitoka kabla hata jirani hajaanza kunisengenya. Wiki jana uliniacha nimeanguka kando ya mitungi ya maziwa, mbele ya mama mkwe wangu, Rahab. Alikuwa ananieleza, kwa ule upole wake, kwamba kuna msichana mzuri kule Njoro, amesoma, ana nyonga pana, na hajaolewa.

Nilipozinduka, nilijua kilichoniangusha. Nilikuwa na mimba ya tatu.

Usinipongeze bado. Furaha ikija kwetu huwa haivui hata koti. Kabla sijazoea kuwa na furaha, nikaona damu.

Haikuwa nyingi. Lakini mwanamke aliyepoteza mara mbili hangoji ijae ndoo ndipo aogope. Nilipanda basi la asubuhi nikaenda Nakuru kwa Daktari Daksha.

Daktari Daksha amezaliwa Nakuru hiyo hiyo, baba yake akiuza vitambaa. Alienda kusoma ng'ambo akarudi mwaka huu wa sabini na tisa na vitu viwili: cheti na mashine. Cheti watu wamemsamehe.

Aliniuliza maswali, akanipapasa tumbo, kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, kwa mkono siwezi kujua. Mtoto anaweza kuwa mzima. Anaweza kuwa amekwisha. Ama amekaa nje ya nyumba yake, kwa mrija ya uzazi, na hiyo ni mbaya sana. Mrija ikipasuka, tunapoteza wewe pia. Lakini nina mashine ya kutazama ndani."

"Ya eksrei?"

"Hapana. Hii ni sauti. Nyembamba sana, sikio haiwezi kusikia. Inaingia, inagonga mtoto, inarudi, halafu mashine inachora."

Sikupenda hilo neno "inagonga".

"Inagonga mtoto wangu?"

"Ni kama wewe ukiita kwa bonde, bonde inakujibu. Bonde haiumii."

"Kwa hivyo haina madhara?"

Daktari mwingine angesema haina, akaita mgonjwa anayefuata. Huyu aliweka kalamu chini. Hapo ndipo nilianza kumwamini na kumwogopa kwa pamoja.

"Ulaya wanatumia miaka mingi sasa," alisema. "Ubaya haijaonekana. Lakini mtoto akiwa mdogo hivi, mimi siwashi kwa kufurahisha macho. Nawasha kukiwa na sababu. Wewe una sababu. Hata leo naweza."

Nilitaka kusema washa. Mdomo ulikuwa tayari. Lakini nawajua watu wangu. Mimba hii ikitoka yenyewe, nitaitwa mwenye bahati mbaya. Ikitoka baada ya mashine, nitaitwa muuaji, na msichana wa Njoro ataanza kupimwa nguo.

"Wacha kwanza niongee na mzee wa nyumbani," nilisema.

"Basi ongea leo. Kesho urudi. Na ukisikia maumivu kali upande moja, usingoje mzee. Kuja."

Nilirudi Subukia nikamwambia Gachanja. Mume wangu ni mtu wa maendeleo. Ng'ombe wake wa gredi, wa kizungu, akikohoa tu, daktari wa mifugo anaitwa. Nilidhani mke naye atapewa heshima ya ng'ombe.

"Hili ni jambo kubwa," Gachanja alisema. "Linataka kikao."

Kikao kikaitishwa jioni hiyo hiyo. Gachanja alikuwa mwenyekiti. Mama Rahab alikaa karibu na moto na sweta lake la kufuma. Mtaalamu wetu alikuwa Peterson, binamu ya Gachanja, ambaye hutengeneza redio pale madukani. Peterson alisomea elektroniki kwa posta. Somo la kwanza lilifika vizuri. La pili lilipotelea njiani, na yeye hakuona haja ya kulitafuta.

"Shemeji," aliniambia, akivuka miguu, "sauti ni nguvu. Watu hudharau sauti. Umewahi kuona gilasi ikipasuliwa na spika?"

"Wewe umewahi?"

"Nimesikia. Sasa niambie, gilasi na kichwa cha mtoto wa miezi miwili, kigumu ni kipi?"

"Daktari amesema sauti yenyewe hata haisikiki."

"Ndiyo mbaya zaidi!" Peterson alipiga goti kwa furaha. "Ile unasikia, unaziba masikio. Hii mtoto ataziba nini, na hata masikio hana?"

Gachanja alimtazama binamu yake kama mtu anayesikiliza mahubiri. Nilitamani kumkumbusha kwamba redio yetu imekaa kwa Peterson tangu mahindi yapandwe, na tayari tunayavuna. Nikanyamaza. Mke mwema hunyamaza, ndivyo tulivyofundishwa na watu wasionyamaza.

"Mama, wewe unasemaje?" Gachanja aliuliza.

Mama Rahab hakuinua macho kutoka kwa uzi wake.

"Mungu angetaka mtoto achunguliwe, angeweka dirisha."

"Na hii damu, mama?" nikamuuliza.

"Lala. Inua miguu. Kunywa uji."

"Nililala mara ya kwanza. Mara ya pili niliinua miguu mpaka nikawa kama nimetundikwa."

"Basi hukulala vizuri."

Mwenyekiti akakohoa. "Kikao kimeamua. Hakuna mashine."

Naomba uelewe jinsi mambo yalivyoendeshwa kwa haki. Katika kikao kile kulikuwa na tumbo moja tu lenye mimba, na halikuwa na kura.

Asubuhi niliamka na damu zaidi. Nyekundu, mbichi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikishika kitanda kwa mikono miwili. Sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira haikuacha nafasi ya machozi.

Nilivaa gauni la kanisani nikatoka nje. Zizini kulikuwa na sherehe. Daktari wa mifugo amekuja na Landrova yake. Gachanja ameshika mkia wa ng'ombe wetu bora kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anayeshika bendera ya taifa. Daktari naye ameingiza mkono mpaka karibu na kwapa na anatazama mawinguni.

"Ana mimba," daktari alitangaza. "Na iko mahali pake."

Gachanja alicheka mpaka nikaona jino lake la nyuma. Hakuna aliyeuliza kama mkono ule una madhara. Hakuna aliyemtafuta Peterson.

"Gachanja, damu imezidi," nilisema. "Naenda Nakuru kwa daktari."

"Mm," alijibu mume wangu, akimpapasa ng'ombe mgongo.

Ndugu msomaji, wewe ni shahidi wangu. Alisema "Mm".

Kliniki ya Daktari Daksha iko orofani, juu ya duka la viatu. Nesi wake ni mama mnene mchangamfu anayeitwa Chepkemei. Alinipokea na jagi kubwa la maji na gilasi.

"Kunywa hii yote."

"Sina kiu."

"Si ya kiu. Mashine haioni vizuri kama kibofu hakijajaa. Kunywa, na usiende choo hata ukiota."

Nikanywa. Akajaza tena. Nikanywa. Kama kuna mtu alibuni mashine hii, hakuwa mwanamke, na kama alikuwa mwanamke basi alikuwa na kisasi.

Daktari alitokeza kichwa mlangoni. "Mzee wako amesema nini?"

"Amesema Mm."

Daktari alimtazama Chepkemei. Chepkemei, mke wa mtu kwa miaka mingi, alitafakari kidogo.

"Hiyo ni ndiyo, daktari," alisema. "Wangu pia husema hivyo."

Nilikuwa nimefika mahali ambapo hata kupumua ni hatari, niliposikia ngazi zikilia. Mlango ukafunguliwa. Mama Rahab aliingia, amejifunga kitambaa cha kichwa kwa nguvu, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa amesikia nilikokwenda, akaomba lifti kwenye lori la maziwa.

"Simama twende nyumbani," alisema.

"Siwezi kusimama, mama. Nimejaa maji."

"Wamekunywesha nini?"

"Maji, mama. Maji ya mfereji."

Alinitazama kama niliyekwisha kulewa. Kisha akamgeukia Daktari Daksha, aliyekuwa ametoka kuona kelele ni za nini.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Huyo mtoto ni wa nyumba yetu. Usimguse."

Nilikuwa na la kusema, la kejeli, tamu kabisa. Lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nikaona mikono ya mama mkwe wangu. Alikuwa ameibana kwapani kwa nguvu, kama anayezuia kitu kisitoke.

"Nina binti," alisema, akimwambia daktari, si mimi. "Dada mkubwa wa Gachanja. Alipokuwa na mimba, walimlaza kwa chuma, wakampiga picha tumboni. Mimi nikauliza, hii haina neno? Daktari mzungu akacheka. Akasema ni picha tu mama, kama ya harusi. Mtoto akazaliwa. Msichana mzuri. Alipoanza kukimbia akaanza kuchoka. Damu yake ikaharibika, ikawa kama maji. Tukamzika. Baadaye daktari mwingine akatuuliza, ni nani aliruhusu mama mjamzito apigwe eksrei? Akauliza kama ni sisi tulikosa. Mimi ndiye nilimpeleka binti yangu pale. Mimi ndiye nilimwambia panda, usiogope."

Tangu niolewe, nilijua wifi yangu mkubwa alihamia Longonot na haji nyumbani hata kwa Krismasi. Nilidhani ni kiburi. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya mtoto.

Ile kejeli yangu niliimeza na maji yaliyobaki.

Daktari Daksha hakucheka. Alivuta kiti, akakaa chini ya macho ya mama mkwe wangu, kama mtoto anayekemewa.

"Mama, ulikuwa sawa kuuliza. Yeye ndiye alikosa kucheka. Sijui kama ile picha ndiyo ilifanya, hakuna mtu anaweza kujua kwa mtoto mmoja. Lakini sisi madaktari tulipiga mama wajawazito eksrei miaka mingi kabla ya kuambiwa tuache. Tulichelewa."

"Na hii?"

"Hii si eksrei. Haina ile miale. Ni sauti. Lakini mimi sitakuambia ni kama picha ya harusi. Nikisema najua mambo yote ya kesho, nitakuwa kama yule. Nasema hivi tu: mpaka leo ubaya haijaonekana, na mimi nitawasha kwa muda mfupi. Na huyu binti anatoka damu. Kama mtoto amekaa kwa mrija, na sisi tumekaa hapa tukiogopa mashine, utazika mwingine. Huyu."

Alinielekezea kidole. Mama mkwe wangu aligeuka akanitazama. Sidhani kama alikuwa amewahi kunitazama hivyo. Siku zote alikuwa anatazama tumbo.

"Wamaitha," alisema. "Wewe unataka nini?"

Tangu mambo haya yaanze, hakuna aliyeniuliza.

"Nataka kujua," nilisema. "Na naogopa, mama. Naogopa mashine na naogopa kutojua. Lakini kutojua nimekujaribu mara mbili."

Alifungua kitambaa, akakifunga upya. "Basi nami naingia. Nikiona kitu sikipendi, nitang'oa hiyo waya ukutani."

"Waya iko hapa, mama," daktari alisema. "Kaa karibu nayo."

Nililala kitandani. Chepkemei alinipaka mafuta tumboni, baridi kama kifo, na kibofu changu kikatoa onyo la mwisho. Mashine yenyewe ilikuwa sanduku kubwa kama kabati, lenye kioo kidogo cha buluu. Kwa kitu kilichoitishiwa kikao, nilitarajia angalau moshi. Daktari alishika kitu kama kipande cha sabuni chenye waya, akanikandamiza.

Sikusikia chochote. Hakuna kilichopasuka. Kwenye kioo kulikuwa na kitu kama mvua inayonyesha juu ya mlima Menengai.

"Haya," daktari alisema polepole. "Iko ndani. Iko kwa nyumba yake. Si kwa mrija."

Nilitoa pumzi ambayo nadhani niliivuta wiki jana.

"Ni nini hicho kinapepesa?" Mama Rahab aliuliza. Alikuwa ameacha waya. Alikuwa amesogea mpaka pua iko karibu na kioo.

"Hiyo ni moyo, mama. Inapiga."

Ulikuwa mdogo kama punje ya mtama. Ulikuwa unawaka na kuzima, unawaka na kuzima, bila kujali vikao, bila kujali Peterson. Mama mkwe wangu alishika mguu wangu, kidole gumba kabisa, akakibana. Sijui kama alijua amekishika.

"Kinapiga," alisema. "Kinapiga, Wamaitha."

Nami nikalia. Sasa nafasi ilikuwepo.

"Na huyu mwingine hapa chini?" Mama Rahab aliuliza. "Mbona huyu hapepesi?"

Mkono wa daktari ulisimama.

Daktari alisogeza ule mkono kidogo, akarudi, akasogeza tena. Alitazama muda kidogo zaidi, kisha akazima. Kioo kikawa cheusi.

"Walikuja mapacha," alisema. "Huyu mmoja ni mzima, mama, nimeona vizuri, mzima kabisa. Yule mwingine aliacha kukua. Ni mdogo sana kuliko mwenzake, hii ilitokea kitambo, kama wiki mbili. Nafikiri ndiyo inaleta hiyo damu. Mashine imemkuta hivyo. Mmesikia? Imemkuta hivyo."

Nilisikia. Nilisikia yote, na sikujua nifanye nini na uso wangu. Umewahi kupewa mtoto na kunyang'anywa mtoto kwa sentensi moja? Nilikuwa sijui kama ninashukuru au ninaomboleza, na bado nilikuwa nataka kwenda choo.

"Huyu mzima atabaki?" niliuliza.

"Mara nyingi hubaki. Siwezi kuapa. Pumzika, usibebe mitungi, na urudi damu ikizidi."

Mama Rahab alikuwa bado anatazama kioo cheusi, kama anangoja kiseme neno lingine. Chepkemei akanifuta mafuta, akaninong'oneza choo kiko mlango wa pili.

Sikufika. Ngazi zililia tena, na safari hii zilipigwa kwa nguvu. Gachanja aliingia na gambuti zake, kinyesi cha ng'ombe bado kimeganda kwenye soli, akiwa amemwacha daktari wa mifugo na Landrova chini barabarani.

"Wamewasha?" alifoka. "Mama! Wamewasha?"

"Wamewasha," mama yake alisema.

Alinitazama. Uso wangu ulikuwa umelowa machozi. Mtu asiyejua angedhani nini? Alidhani hivyo hivyo.

"Wamefanya nini mtoto wangu?"

"Mzee, tafadhali kaa, nikueleze," Daktari Daksha alianza.

"Sikuulizi wewe!" Gachanja aliinua mkono. "Wewe ni mwenye mashine, utasema vile mashine inataka. Na huyu," akanielekeza mimi, "alitoroka. Nauliza mama yangu. Mama yangu hajawahi kunidanganya. Mama, ulikuwa hapa. Umeona kwa macho yako. Sema, na vile utasema ndivyo itakuwa."

Ndipo nikaelewa mahali nilipofika. Ndoa yangu, jina langu, na mtoto mmoja aliyekuwa bado anapepesa gizani bila habari, wote walikuwa kinywani mwa mwanamke aliyeamini maisha yake yote ya uzee kwamba mashine iliua mjukuu wake. Angeweza kusema imemkuta hivyo. Angeweza pia kusema kile ambacho moyo wake ulikuwa umekibeba tangu siku ile ya kaburi, na hakuna mtu Subukia nzima ambaye angembishia.

Mama Rahab alitazama kioo cheusi. Akanitazama mimi. Akamtazama mwanawe.

"Walikuwa wawili," alisema.

Gachanja alishusha mkono.

"Walikuwa?"

Itaendelea wiki ijayo.